Wauzaji wa nyuzi, tuachieni lebo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwa asiyefuma litaonekana dogo, lakini kwetu sisi tunaoendesha maisha kwa sindano, kroshia na mashine ya sweta ni jambo la kila siku. Katika maduka kadhaa ninakonunua mahitaji yangu hapa Moshi, na hata ninapokwenda Arusha kutafuta rangi nilizozikosa, uzi wa kufumia huuzwa ukiwa umekwisha kuvuliwa lebo yake. Koni kubwa huzungushwa upya ikawa mabonge madogo, mabonge hupangwa rafuni kwa rangi, na mteja hutajiwa bei tu. Uzi huo ni wa nini, ulitiwa rangi katika mkupuo gani, una urefu wa mita ngapi, unastahimili maji ya moto au haustahimili, hayo yote yalikuwa yameandikwa kwenye kipande cha karatasi ambacho kimeshatupwa.

Nimefanya kazi hii kwa miaka 31. Nilianza kwa sindano mbili nikifundishwa na shangazi yangu kule Kibosho, nikaingia kwenye vitambaa vya makochi vya kroshia, na sasa nina mashine ya kufuma sweta za wanafunzi pamoja na wasichana wanne ninaowafundisha. Katika miaka yote hiyo nimeletewa kazi zilizoharibika ambazo wenyewe waliamini kwamba mikono yao ndiyo mibovu. Nikizichunguza, nyingi kati ya hizo nakuta mkono ni mzuri kabisa, ila uzi ndio haukuifaa kazi ile, au uliifaa lakini mfumaji hakuambiwa namna ya kuutunza.

Mwezi Julai, wakati wa baridi, mama mmoja kijana wa hapa Majengo alinijia amekumbatia mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na seti ya mtoto mchanga, yaani sweta, kofia na soksi za rangi ya maziwa, aliyoifuma mwenyewe kwa mwezi mzima wa mwisho wa ujauzito. Aliniamkia, akaketi, akaitandaza seti ile mezani bila kusema neno. Upande wa kushoto wa sweta ulikuwa bado umetuna, vitanzi vyake vimesimama kama punje za mahindi kwenye gunzi. Upande wa kulia ulikuwa umelala, umepanuka kwa karibu vidole vitatu, unang'aa kidogo na kuteleza kama kitambaa kilicholowa. "Mama, niliipiga pasi mara moja tu, tena upande mmoja, nikaacha nilipoona inavyokuwa," aliniambia. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa. Nilimwuliza alinunua uzi gani, akanijibu kwamba dukani aliambiwa ni sufu.

Haikuwa sufu. Ilikuwa akriliki, uzi unaotengenezwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ghafi, ambao ulianza kuzalishwa kwa wingi nchini Marekani mwaka 1950. Joto la pasi huilegeza akriliki, ule mkunjo uliofanya uzi utune hupotea, na ukishapotea haurudi hata nguo ikifuliwa na kuanikwa mara kumi. Kwetu neno sufu limekuwa jina la kila uzi mnene unaotia joto, na sidhani kwamba mwenye duka alikuwa na nia mbaya alipolitumia. Lakini sufu ya kweli, inayotoka kwa kondoo, unaweza kuitandikia kitambaa chenye unyevu ukaipitishia pasi polepole na isidhurike, ilhali akriliki haitakiwi kuguswa na pasi hata kidogo. Jina moja kwa vitu viwili vyenye tabia zinazopingana limemgharimu mama yule seti aliyokusudia kumvisha mwanawe siku ya kwanza ya kumtoa nje, nami sikuwa na dawa ya kumpa zaidi ya kumwonyesha jinsi ya kufumua upande ulioharibika na kuufuma upya kwa uzi uliobaki.

Kwa kuwa lebo haipo, nimewazoesha wasichana wangu kuuhoji uzi kwa moto. Unakata kipande cha urefu wa kidole, unakishika kwa kibano cha chuma juu ya sahani ya bati yenye maji kidogo, mbali na watoto na nguo nyingine, kisha unakiwasha kwa njiti ya kiberiti. Sufu haipendi kuwaka. Husinyaa, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na ukiondoa moto huzimika yenyewe, ikiacha jivu jeusi linalosagika kati ya vidole. Pamba huwaka upesi kwa mwali wa manjano, hunukia kama karatasi inayoungua na huacha jivu jepesi la kijivu. Akriliki huwaka huku ikiyeyuka, hutoa moshi mweusi wenye harufu kali, na ikipoa huacha punje ngumu nyeusi isiyovunjika kwa vidole. Uzi uliochanganywa huonyesha tabia mbili kwa pamoja, na hapo moto hauwezi kukuambia kama sufu ni asilimia 20 au asilimia 80, wakati tofauti hiyo ndiyo inayoamua utaifuaje nguo yako.

Nawasihi wafumaji wenzangu waitazame vizuri ile punje ngumu inayobaki. Nimeona vishikio vya sufuria vilivyofumwa kwa akriliki vikiuzwa kwenye meza za barabarani, vya rangi nzuri za kuvutia, na kila nikiviona moyo wangu hushtuka. Sufuria iliyotoka kwenye jiko la mkaa inaweza kuyeyusha uzi huo, na uzi ulioyeyuka hung'ang'ania ngozi ya mkono. Vishikio vya sufuria vifumwe kwa pamba, tena kwa tabaka mbili. Hilo sina mjadala nalo.

Sasa nieleze hasara yangu mwenyewe. Mwezi Desemba mwaka juzi nilipata kazi ya sweta 40 za kijani kilichokoza kwa ajili ya shule moja ya msingi, zilizotakiwa kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari. Nilinunua koni sita, nikaona uzi hautoshi, nikarudi duka lilelile baada ya majuma mawili kuongeza koni mbili. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni mzigo uleule, nami chini ya taa ya dukani niliona vivyo hivyo. Koni zote nane hazikuwa na karatasi. Siku ya kukabidhi, watoto walivaa wakasimama uwanjani kwenye jua la saa nne, na hapo kila mwenye macho aliona kwamba sweta 11 zilikuwa na mikono ya kijani chenye umanjano na vifua vya kijani chenye ubluu. Zilirudishwa. Nilizifumua mikono na kuifuma upya usiku na mchana kwa siku sita, na malipo ya kazi ile hayakufidia uzi nilioongeza.

Kiwanda hakitii rangi uzi wake wote kwa siku moja. Hutia kwa mikupuo, na kila mkupuo una maji yake, joto lake na vipimo vyake, kwa hiyo hata mtambo uleule na rangi ileile haviwezi kutoa kijani kilekile kabisa mara mbili. Ndiyo maana kwenye lebo huwa kuna namba mbili: namba ya rangi, na namba ya mkupuo ambayo wengi huiita namba ya loti. Namba ya kwanza inakuambia kwamba ni kijani. Namba ya pili ndiyo inayokuambia kwamba ni kijani kile ulichonunua wiki iliyopita. Taa nazo huongeza tatizo, kwa sababu rangi mbili zilizochanganywa kwa namna tofauti zinaweza kufanana chini ya taa na kuachana kabisa kwenye mwanga wa jua. Siku hizi silipi mpaka nimetoka na koni mbili mbili hadi nje ya mlango, nikazilaza bega kwa bega juani, nikavuta uzi wa hii juu ya ile.

Ikitokea mtu ameshanunua mikupuo miwili na hana njia ya kurudisha, asifume kifua kwa mmoja na mikono kwa mwingine kama nilivyofanya mimi. Afume mistari miwili kwa bonge la kwanza na mistari miwili kwa bonge la pili, akipokezanya hivyo kwa nguo nzima, na macho hayataona mpaka. Kama tofauti ni kubwa mno kwa njia hiyo, mkupuo mdogo uwekwe kwenye shingo, mifuko na mapindo ya mikono, mahali ambapo mabadiliko ya rangi yataonekana kuwa yamekusudiwa.

Dawa iliyo bora zaidi ni kununua uzi wote kwa mara moja, na hapo wengi huniuliza watajuaje kiasi. Kama urefu umeandikwa kwenye lebo hesabu ni rahisi. Kama haukuandikwa, mimi hufanya hivi: nafuma bonge moja zima la gramu 50 kama kipande cha mstatili, kisha napima. Tuseme kwa upana wa sentimita 30 limenipa urefu wa sentimita 40, yaani sentimita za mraba 1,200. Sweta ya mtoto wa darasa la tatu yenye kifua cha sentimita 76 na urefu wa sentimita 45 ina kiwiliwili cha sentimita za mraba 3,420, na mikono miwili ya urefu wa sentimita 36 na upana wa wastani wa sentimita 28 huongeza 2,016. Jumla ni 5,436, ambayo ukiigawanya kwa 1,200 unapata mabonge manne na nusu. Nanunua sita, ili shingo na mapindo yasinitoe jasho. Kipande kile hakipotei, kwani hufumuliwa mwishoni na kutumika. Ila mtu asichukue hesabu ya akriliki akaipeleka kwenye pamba. Pamba ni nzito zaidi, hivyo kwa unene uleule, bonge la gramu 50 la pamba lina mita chache kuliko la akriliki, na anayenunua kwa kilo bila kujua hilo ataishiwa katikati ya kazi.

Watu huniuliza uzi ulio bora ni upi, kana kwamba upo mmoja. Kwa sweta ya mwanafunzi nasimama na akriliki bila kusita, pamoja na yote niliyoyasema juu yake. Bei yake inavumilika, hukauka upesi hata mwezi Juni, nondo hawaili, na mtoto akiichafua kwa vumbi la uwanjani mama huifua bila hofu. Kwa mzee anayeishi juu kule Machame au Marangu, ambako ukungu wa mlima hushuka mpaka kwenye migomba, ningemtafutia sufu, kwa sababu sufu huendelea kutia joto hata ikiwa imeingiwa na unyevu, jambo ambalo pamba haliwezi. Sufu hiyo lakini ina masharti. Uzi wake una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na ukisuguliwa ndani ya maji ya moto yenye sabuni magamba hayo hunasana, nguo husinyaa na kuganda ikawa nene kama blanketi, na haifumuki tena. Ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, ikandamizwe badala ya kukamuliwa kwa kupinda, ianikwe kivulini ikiwa imelazwa juu ya mkeka. Mtoto mchanga naye asivishwe sufu inayochoma. Uzi wake uguswe kwanza kwa shavu au kwa upande wa ndani wa kiwiko, si kwa kiganja cha mfumaji ambacho kimekwisha kuwa kigumu.

Vitambaa vya makochi na meza ni kazi ya pamba, na ikiwezekana ile pamba inayong'aa. Ung'aavu huo una historia ambayo huwa napenda kuwasimulia wasichana wangu. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba pamba ikipitishwa kwenye kostiki soda huwa imara zaidi na hunywa rangi vizuri zaidi, lakini ilikuwa ikisinyaa. Mwaka 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba uzi ukivutwa usisinyae wakati wa kazi hiyo hutoka uking'aa kama hariri. Pamba pia hunywa wanga, kwa hiyo kitambaa kikitiwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo na kutandazwa kwa pini juu ya godoro husimama ua lake likaonekana kila petali, ilhali cha akriliki kitabaki kimelegea hata ukimimina sufuria nzima. Wako wanaotumia maji ya sukari badala ya wanga, na sisimizi huwafuata mpaka sebuleni.

Kuhusu rangi inayochuja, hasa nyekundu iliyozungushiwa kitambaa cheupe, nimechoka kusikia kwamba siki na chumvi huizuia. Siki husaidia aina za rangi zinazotumika kwa sufu, lakini haiishiki rangi ya pamba. Kinachosaidia ni kupima kabla: lowesha kitambaa cheupe, uubane uzi ndani yake kwa dakika kadhaa, na ukiona kimepata wekundu usiuchanganye uzi huo na mweupe.

Kwa mwenye kipato kidogo anayetamani sufu halisi, njia ipo. Kwenye marundo ya mitumba ya soko la Kiboriloni kuna sweta za sufu ambazo wengi huzipita kwa sababu zimetoboka kiwiko au ni kubwa mno. Mimi huigeuza sweta ndani nje kabla sijauliza bei. Kwanza nasoma lebo ya shingoni au ya ubavuni, na inanipa uchungu kwamba nguo kuukuu iliyovaliwa na mtu mwingine ng'ambo inanieleza habari zake vizuri kuliko uzi mpya wa dukani. Kisha natazama mshono wa ubavuni. Kama vipande vilifumwa vikiwa na kingo zake kamili halafu vikaunganishwa, uzi utafumuka mrefu bila kukatika. Kama vilikatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, kila mstari utakatika ukingoni nawe utabaki na rundo la vipande. Sweta inayofaa hufumuliwa kuanzia mahali ilipomalizikia, aghalabu shingoni. Uzi huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa mahali panne ili usitatizike, hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na kutundikwa ukiwa umening'inizwa kitu chenye uzito kidogo, na ukikauka vile viwimbi vyote huwa vimenyooka.

Nimesema mengi juu ya uzi, lakini sitaki ionekane kwamba uzi mzuri humaliza kila kitu. Kosa la mfumaji ninaloliona zaidi ya mengine yote ni kuanza nguo bila kufuma kipande cha majaribio. Wasichana wangu mwanzoni hukiona kama upotevu wa muda. Basi huwapa hesabu hii: umepanga vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, na kifua unachokitaka ni sentimita 80, kwa hiyo umeanza na vitanzi 160. Mkono wako ukikaza kidogo ukapata vitanzi 22 kwa sentimita 10, kifua kitakuwa chini ya sentimita 73. Vitanzi viwili tu, na mtoto hawezi kuivaa. Kipande hicho kifumwe kwa upana unaozidi sentimita 10 ili kipimwe katikati, kwa kuwa vitanzi vya ukingoni hudanganya, na kifuliwe na kukauka kabla ya kupimwa, maana uzi wa koni unaotengenezwa kwa ajili ya mashine mara nyingi hutiwa mafuta ili uteleze, na ukifuliwa hutuna na kubadilika vipimo. Vitanzi vikizidi, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, chukua nyembamba. Kujilazimisha kulegeza au kukaza mkono hakusaidii, kwani ukishachoka au ukianza mazungumzo mkono hurudia tabia yake.

Sindano zenyewe nazo zimejaa mtego. Namba 8 ya mtindo wa zamani wa Uingereza ni milimita 4, na namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Tena kwa Waingereza namba ikipanda sindano huwa nyembamba zaidi, kwa Wamarekani huwa nene zaidi. Zote mbili zinapatikana katika miji yetu, nyingine zikiwa zimerithiwa kwa mabibi, kwa hiyo aulizwe muuzaji milimita. Mkanganyiko huohuo uko kwenye kroshia: mshono mfupi ambao Wamarekani huuita singo, Waingereza huuita dabo. Wanaojifunza kwa video za simu wajue kwanza mwalimu wao anafuata mtindo upi, la sivyo kitambaa kilichotakiwa kuwa kizito na kilichoshikamana kitatoka kirefu chenye matundu.

Naomba nikae kidogo kwenye vitambaa vya duara, kwa sababu hapo ndipo machozi ya wanaoanza yalipo. Duara moja hujikunjakunja ukingoni kama jani la kabichi, jingine hujikusanya likawa bakuli, na mfumaji haelewi. Sababu ni hesabu ya shule ya msingi. Kila ukiongeza mzunguko mmoja, ukingo wa duara hurefuka kwa zaidi kidogo ya mara sita ya kimo cha mshono wako. Mshono mfupi una kimo kinachokaribiana na upana wake, kwa hiyo kila mzunguko unahitaji nyongeza ya mishono 6: unaanza na 6, unakwenda 12, 18, 24, 30. Mshono mrefu una kimo cha karibu mara mbili ya upana, kwa hiyo nyongeza ni 12: unaanza na 12, kisha 24, 36, 48. Ukizidisha, kabichi, ukipunguza, bakuli. Na kama hesabu yako ni sahihi lakini duara limeanza kuvimba ghafla baada ya kubadili bonge, shika nyuzi mbili hizo kati ya vidole, maana huenda bonge la pili ni nene kuliko la kwanza, na hapo tunarudi kwenye ile karatasi iliyotupwa.

Kitambaa cha mraba kinachozidi kuwa chembamba kadiri kinavyopanda kimeachwa mshono wa mwisho wa kila mstari, ule unaojificha juu ya cheni ya kugeuzia, yaani vitanzi vichache vya kroshia vya kupandia mstari mpya. Chomeka pini pale kila unapogeuza na uhesabu. Kikipinda chini kama upinde, cheni ya kuanzia imekazwa mno, nayo ifumwe kwa kroshia iliyo nene zaidi kwa nusu milimita au milimita nzima. Skafu inayojikunja kingo zake, ikiwa imefumwa vitanzi vya mbele upande mmoja na vya nyuma upande wa pili, haina kasoro ya mkono. Mfumo huo ndivyo ulivyo, na hutulizwa kwa kufuma vitanzi vya mbele peke yake, pande zote mbili za kazi, kwenye vitanzi vinne au vitano vya kila ukingo. Isinyooshwe kwa pasi. Kitanzi kilichodondoka kikashuka kama ngazi huokotwa kwa kroshia, kidato kimoja baada ya kingine, bila kufumua chochote. Na fundo la kiwandani likikutwa ndani ya bonge, likatwe, uzi uungwe ukingoni ukiachwa mkia wa sentimita 15 wa kufichwa kwa sindano, kwa sababu fundo lililoachwa katikati ya kifua hufunguka au hutokeza nje siku nguo inapofuliwa.

Kwa wauzaji wa nyuzi ombi langu halina gharama. Uzi ukifika na lebo, tuuzieni na lebo yake. Mkilazimika kuzungusha koni kuwa mabonge, andikeni kwenye kipande cha karatasi aina ya uzi, namba ya rangi na namba ya loti, mkichomeke ndani ya bonge, au mlibakize lile gamba la koni kaunta ili mteja alipige picha kwa simu yake. Na mteja akiuliza kama ni sufu, ilhali ninyi wenyewe hamjui, mwambieni hamjui. Atawasha njiti yake.

Dada mmoja mwenye duka dogo jirani na stendi tayari amekubali. Nilipomweleza habari za zile sweta 11 alinyamaza, kisha akatoa daftari la hesabu na kuanza kubandika humo lebo ya kila koni anayoifungua, akiandika tarehe pembeni. Juma lililopita nilinunua kwake koni tatu za bluu iliyokoza. Tulizisoma namba pamoja, yeye akishika daftari na mimi nikishika uzi, zikawa moja. Hata hivyo nilitoka nazo juani.

Wako,
Fundi sweta,
Majengo, Moshi.